Mfano wa Kumi na Nne

Kitambaa kilitundikwa Jumapili asubuhi. Mfanyakazi wa chuo alipanda ngazi akakifunga juu ya lango la Kitivo cha Elimu, na Wisam Lafta, mwalimu wa sekondari wa miaka thelathini na sita, akasimama chini akisoma jina lake mwenyewe. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiarabu, kwa herufi za kijani kubwa kama za mgombea ubunge. Chini yake ilikuwa siku ya utetezi, Jumatano, na kichwa cha tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika Kiingereza: namna Waingereza wanavyoomba radhi mahakamani, ikilinganishwa na namna watu wa koo za mji wa Amara wanavyoomba radhi katika vikao vya suluhu ya damu.

Kwa miaka miwili kichwa hicho kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza tu, kikasomwa na watu wachache ndani ya idara. Wisam hakuwa amewahi kukiona kwa Kiarabu. Alikisoma tena kuanzia mwanzo, polepole, kama anavyosoma mtu mwingine asiyemjua mwandishi. Kabla hajaondoka pale langoni simu yake ikalia. Alikuwa ami yake, Haji Jasib, mkubwa wa watu wa Lafta.

"Wisam."

"Naam, ami."

"Picha ya lango lenu imeingia kwenye kundi la ukoo. Binamu yako Hatim kaituma, kaipamba na maua. Wanasema umeandika kitabu juu ya vikao."

"Ni cha Kiingereza, ami."

"Nimekuuliza lugha?"

Wisam alisikia ami yake akipumua, na nyuma yake mashine ya kusukuma maji ikinguruma shambani.

"Kikao chetu kimo?"

"Hakimo, ami."

"Basi Mungu akutangulie. Tunakuja wote. Na Haji Muhawi anakuja na watu wake, mama yako ameshawapelekea habari. Furaha yetu ni furaha yao siku hizi, hawawezi kukosa." Kisha akauliza tena. "Hakimo?"

"Hakimo."

Kilikuwamo. Kilikuwa ukurasa wa tisini na kitu, sura ya nne, mfano wa kumi na nne.

Mambo yenyewe yalianza kwenye mashine ile ile ya maji. Kiangazi cha miaka miwili nyuma mto ulishuka, watu wa Lafta na watu wa Sayhud wakagombania zamu ya kusukuma maji, na Raad, binamu yake Wisam, akampiga risasi kijana wa Haji Muhawi, mzee wa Sayhud. Kijana akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Raad alitoroshwa usiku ule ule, akafichwa mji wa mbali kaskazini ambao hata mama yake hakuambiwa jina. Wengine wote wa ukoo, kama desturi inavyotaka, walihama nyumba zao wakaenda kukaa kwa watu majira yote ya baridi, na shule aliyofundisha Wisam ikapata mwalimu wa muda.

Masika ndipo suluhu ikafungwa. Watu wengi wanakumbuka hema kubwa, bendera, mashekhe waliotoka hadi Basra na Kut, na kondoo waliochinjwa. Lakini suluhu haifungwi hemani. Hufungwa asubuhi yake, ndani ya ukumbi wa matete, kati ya wazee wachache wa kila upande, milango imefungwa. Asubuhi ile mtu wa kumimina kahawa alihitajika, asiwe mgeni na asiwe na mdomo. Wakamchukua Wisam. Tangu utotoni alikuwa anajulikana kwa woga na ukimya, na sifa hizo mbili siku ile zilihesabiwa kuwa ni moja.

Wakati huo alikuwa anakusanya data. Msimamizi wake, Daktari Ibtihal, alikuwa amemrudishia sura ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu. "Mifano yako imekufa," alimwambia. "Umeichota magazetini. Niletee watu wanaopumua." Basi Wisam alikuwa akienda kwenye vikao vya koo nyingine, anaomba ruhusa, anaweka simu juu ya zulia mbele ya kila mtu na kurekodi. Asubuhi ya kikao cha ukoo wake simu ilikuwa mfuko wa kifuani, chini ya koti. Wisam hujiambia alisahau kuizima. Hilo ni kweli kwa dakika chache za mwanzo.

Kilichotokea ni kwamba mazungumzo yalikwama. Haji Muhawi alikuwa amekaa na finjani mbele yake, hajaigusa, na asiyeigusa kahawa hajakubali kitu. Ndipo Haji Jasib, mtu ambaye Amara nzima haijamwona akiinama, alipovua kamba nyeusi ya kilemba chake, akaivaa shingoni kama kitanzi, akaenda kupiga magoti mlangoni palipo na viatu.

"Leo sina ukoo," alisema. "Nifungeni mlangoni mwenu kama mnavyofunga ng'ombe. Aliyemuua mwanenu si mtu wetu tena. Yupo mahali, nami napajua. Mkitaka nipataje, nitapataja, na damu yake hatutaidai."

Wisam aliendelea kumimina finjani iliyokwisha jaa, na kahawa ikamwagika kwenye zulia. Kisha Muhawi, baba wa marehemu, akasema: "Inuka, Jasib. Hukusema neno, na mimi sina nililosikia." Akachukua finjani, akanywa.

Wazee wale waliapa kwamba maneno hayo yabaki pale pale. Kila upande ulikuwa na sababu yake ya kuogopa. Raad ana mdogo wake, Hatim, ambaye tangu kaka yake atoroshwe halali bila bastola chini ya mto. Hatim akisikia kwamba ami yake alipiga magoti akamtoa kaka yake achinjwe, hatauliza mara mbili. Upande wa pili kuna vijana wa Sayhud, ndugu wa marehemu. Wakisikia kwamba mzee wao aliletewa muuaji mkononi akamkataa, suluhu haitaona machweo.

Wisam alijua yote hayo. Aliyaandika hata hivyo. Msomaji akitaka kumwelewa lazima ajue Kiingereza kilikuwa nini kwake. Nyumbani kwao hakuna aliyekijua. Alipokuwa mtoto, ugomvi ukianza uani alikuwa anapanda darini na kitabu cha shule, anasoma kwa sauti sentensi za watu wasiokuwapo, juu ya mvua na chai na treni, na hakuna mkubwa aliyeweza kumuuliza anasema nini. Kwake Kiingereza kilikuwa chumba chenye kufuli na ufunguo ulikuwa wake peke yake. Alipoandika mfano wa kumi na nne aliona anauweka ndani ya chumba hicho. Alibadilisha majina akaweka herufi. Akauchambua kwa kurasa kumi na moja, kurasa bora alizowahi kuandika. Mwingereza, alieleza, anataka radhi isikiwe ndipo ihesabike. Hapa radhi kubwa kuliko zote ilihesabika kwa sababu wote waliokuwapo walikubaliana kwamba haikusikiwa. Daktari Ibtihal alisoma sura hiyo mara mbili, akasikiliza na kanda yenyewe kwa vipokea sauti, akamrekebisha neno moja. "Hii," alisema, "watu wataisoma."

Kilichompita ni kanuni ya idara ambayo yeye mwenyewe aliifuata kwa uangalifu mkubwa: kila mfano uandikwe kwanza kwa lugha ya asili, neno kwa neno, ndipo tafsiri ifuate. Ndani ya kile chumba chake, Kiarabu cha ami yake kilikuwa kimekaa kitako katikati.

Kutoka langoni alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Ibtihal. Alimkuta anakula mkate na malai ya maziwa juu ya karatasi za mitihani.

"Daktari, nataka kutoa mfano mmoja."

"Nakala ziko kwa watahini tangu mwezi uliopita. Utautoa tumboni mwao?"

"Wa kumi na nne."

Aliacha kula. "Huo ndio tasnifu, Wisam. Mingine yote ni mapambo."

Akamweleza. Alieleza kwa kifupi na vibaya, kwa sababu hata kueleza kulikuwa kusema tena. Ibtihal ni mtoto wa Amara vilevile, hakuhitaji kumaliziwa. Alifuta vidole, akafunga mlango.

"Uliniambia ulikuwa na ruhusa."

"Kwa vikao vingine."

"Ewe mwanamume." Akakaa. "Sikiliza. Ukizungumza Jumatano, uuruke. Uutoe kwenye slaidi. Sema habari za Waingereza mpaka wasinzie. Watu wa nyumbani kwenu watasikia saa mbili za kelele, watakula keki, wataondoka."

"Na watahini?"

"Mimi sitauliza. Mwenyekiti hasomi zaidi ya utangulizi. Anabaki Profesa Munqidh, mtahini wa nje." Akatazama dirishani. "Na Munqidh huuliza anachokipenda."

"Siwezi kumpigia?"

"Mtahiniwa kumpigia mtahini kabla ya kikao? Ukitaka kufukuzwa, iko njia fupi zaidi."

Siku zilizobaki nyumba yao ilinuka iliki. Mama yake, Nashmiya, pamoja na wake wa ami zake, walioka vileja vya tende mpaka sinia zikaisha wakaazima za majirani. Hakuna mtu wa Lafta aliyewahi kuvaa joho la uzamili. Mama yake alikuwa amelipiga pasi mara nyingi hata mkanda wake wa dhahabu ukaanza kung'aa vibaya.

"Mbona huli?" alimuuliza.

"Nina hofu ya mtihani, mama."

"Mtihani gani? Si umeshaandika kitabu? Kilichobaki ni kupigiwa vigelegele." Akamtia kileja mdomoni kama mtoto. "Haji Muhawi kaniahidi mfuko wa sukari. Mfuko mzima! Mwaka juzi mtu huyo tulikuwa tunamkimbia."

Wisam alimeza. Aliwaza kuugua. Aliwaza kutokwenda. Lakini utetezi usipofanyika siku iliyotundikwa langoni, watu huuliza kwa nini, na swali hilo ndilo alilokuwa analikimbia.

Jumatano ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Watu wa Lafta walikaa kulia, watu wa Sayhud kushoto, kama walivyokaa hemani, bila mtu kuwapanga. Haji Jasib na Haji Muhawi walikuwa mstari wa mbele, kila mmoja upande wake wa njia, wamevaa majoho yao ya kahawia. Wanawake walikuwa nyuma na sinia magotini. Hatim alisimama ukutani karibu na mlango, simu juu, akipiga picha za kila kitu.

"Profesa!" alimwita Wisam akipita. "Ukianguka, angukia upande wetu."

Watu wakacheka. Kulia na kushoto, walicheka pamoja.

Baada ya kisomo cha Kurani na wimbo wa taifa, mwenyekiti alifungua kikao, na Wisam akapewa dakika ishirini. Alizungumza juu ya mahakimu wa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikuwa na kosa. Aliona macho ya watu wake yakianza kulegea, mzee mmoja wa Sayhud akasinzia kidevu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akahisi hewa ikiingia kifuani mpaka chini. Mwenyekiti aliuliza habari za pambizo za karatasi. Daktari Ibtihal aliuliza swali ambalo walikuwa wamelifanyia mazoezi. Kisha ikawa zamu ya Profesa Munqidh.

Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mizito, aliyesafiri tangu alfajiri kuja kumfanyia mema kijana asiyemjua. Nakala yake ilikuwa imejaa vipande vya karatasi ya njano.

"Nimesoma tasnifu nyingi," alianza kwa Kiingereza. "Nyingi nimezisahau kabla ya kufika nyumbani. Hii sikuisahau, kwa sababu ya ukurasa mmoja. Nimeshangaa mtahiniwa kauruka. Tafadhali, mfano wa kumi na nne. Tusomee."

Wisam akashika chupa ya maji, akaiweka bila kunywa. "Muda, profesa. Labda mfano wa tisa unaonyesha jambo hilo hilo."

"Mfano wa tisa ni wa kawaida. Huu si wa kawaida."

"Uchambuzi wake bado una upungufu."

"Hauna upungufu. Nasema nimeupenda!" Profesa akatabasamu, akawageukia watu ukumbini, akaona nyuso zilizochoka. Huruma ikamshika. Alikuwa mwenyeji wa kusini na aliwajua watu wa namna hii. "Hawa wazazi wamekaa saa nzima hawaelewi neno," alisema, sasa kwa Kiarabu. "Si haki. Waache nao wasikie mtoto wao kafanya kazi gani. Nitausoma mwenyewe."

Ukumbi mzima ulizinduka. Kiarabu kilipita kati ya viti kama maji baridi. Watu wakakaa sawa, mzee aliyesinzia akafungua macho, na Hatim akainua simu tena. Wisam hakuthubutu kumtazama ami yake. Aliona mikono yake tu, juu ya fimbo, na vidole vya mikono hiyo vilikuwa vimeacha kuchezea tasbihi.

Profesa Munqidh alirekebisha miwani. Alisoma vizuri, kwa lafudhi ya mashambani, kama mtu anayependa alichoshika.

"'Leo sina ukoo,'" alisoma. "'Nifungeni mlangoni mwenu kama mnavyofunga ng'ombe...'"

"Profesa," Wisam alisema.

Alisema kwa Kiarabu. Kanuni ilimtaka ajibu kwa Kiingereza, na mwenyekiti akainua kichwa.

"Usiendelee. Maneno hayo hakuna aliyeyasema. Niliyatunga."

Profesa aliacha kidole juu ya mstari. "Umeyatunga, vipi?"

"Nilikosa mfano mzuri. Nikakaa nyumbani nikautunga."

Hata wale ambao hawajui tasnifu ni kitu gani walielewa kwamba mtu amesimama mbele ya wageni wake na kusema kwamba ni mwongo.

"Unajua unachosema?" mwenyekiti aliuliza.

"Najua."

"Data ya kughushi, katika kazi ya shahada?"

"Mfano huo tu."

"Mmoja unatosha." Mwenyekiti akageuka. "Daktari Ibtihal. Wewe ndiye msimamizi. Ulikuwa na habari?"

Ibtihal alikuwa ameisikia kanda. Alikuwa amesikia hata kahawa ikimwagika. Akitaja kanda, Wisam anapona na shahada yake, na jina lake mwenyewe linapona. Alifunika kalamu yake kwa uangalifu.

"Sikuwa na habari," alisema.

Jopo lilitoka kushauriana. Kwenye ujia Ibtihal alipita karibu na Wisam bila kusimama. "Miaka minane nimesimamia wanafunzi hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Leo Munqidh ananiona punda."

"Nisamehe, daktari."

"Wewe usiniombe radhi. Wewe hasa."

Waliporudi, mwenyekiti aliomba watu wote wasimame, kama ilivyo kawaida wakati uamuzi unaposomwa. Mama yake Wisam, kule nyuma, alikuwa amehudhuria sherehe moja tu ya namna hii, ya mtoto wa jirani, na alijua kwamba watu wakisimama ndipo wakati umefika. Mwenyekiti alipofika kwenye "jopo limeamua," Nashmiya akapiga kigelegele. Wanawake wote wakamfuata. Peremende zikarushwa kutoka sinia mbili, zikaanguka juu ya mabega ya wazee na mezani mbele ya watahini. Mwenyekiti alisubiri. Profesa Munqidh aliokota moja iliyoangukia kwenye karatasi zake, akaiweka kando taratibu. Kelele zilipokwisha, mwenyekiti alisoma upya tangu mwanzo: tasnifu haikupokelewa, na mtahiniwa hana haki ya kuirekebisha.

Safari hii mama yake alielewa.

Nje, uani, hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Mfuko wa sukari ulikuwa umeegemezwa ukutani. Watu wa Sayhud walitaka kuondoka, lakini kuondoka bila kula ni kusema jambo, basi wakasimama wameshika vileja. Haji Jasib alikuja kutoka mlangoni, polepole, na watu wakampisha. Alipofika mbele ya Wisam alimchapa fimbo ya mguu, kisha ya bega.

"Serikali imekupa likizo ukasome," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "nawe unakwenda kutunga uongo juu ya watu wazima! Mzee gani wa Amara atasema maneno ya ng'ombe? Nani? Nitajie!"

"Hakuna, ami."

"Hakuna!" Fimbo ikashuka tena, na safari hii iliuma kweli. Wisam alimtazama usoni akitafuta alama, jicho moja likonyeze, mdomo ulegee. Hakuona kitu. Mpaka leo hajui ni fimbo ngapi kati ya zile zilikuwa za watazamaji na ngapi zilikuwa zake.

Haji Muhawi ndiye aliyeushika mkono wa Jasib. "Mwache. Ni kijana. Kaona aibu yake leo, inamtosha." Akachukua kileja kwenye sinia ya Nashmiya, akala mbele ya watu, na watu wake nao wakala.

Mama na wanawake walirudi kwa basi dogo walilokodi. Wisam alikuwa anaelekea huko pale mkono wa Hatim ulipomshika shingoni.

"Wewe njoo na mimi."

Walipanda gari la Hatim, lile jeupe la mizigo. Mji ukaisha, mashamba yakaanza. Hatim hakufungua redio. Kiti kilikuwa na kitambaa kilichokunjwa kati yao, na Wisam alijua kilichokunjwa ndani yake.

"Uliyatoa wapi?" Hatim aliuliza.

"Nini?"

"Yale maneno."

"Kichwani."

"Kichwa chako nakijua tangu tuko wadogo. Wewe mbuzi akikukanyaga unamwambia pole. Kichwani kwako hakuna maneno kama yale." Akapunguza mwendo. "'Leo sina ukoo.' Yule profesa aliposoma, nywele zilinisimama. Nilisikia sauti ya mtu."

Wisam alitazama mbele. Barabara ilikuwa tupu, mfereji upande mmoja, matete upande wa pili.

"Sauti ya nani?"

"Wewe niambie." Gari likasimama kabisa. Injini ikaendelea kuunguruma. "Hukumwacha amalize. Mwisho wake ulikuwaje?"

Katika maisha yake yote Wisam hakuwa ametunga kitu. Insha zake za shule zilikuwa za kukariri, mifano yake yote ilikuwa midomo ya watu, na uongo aliousema asubuhi ile ulikuwa kukana tu, hakuna alichojenga. Sasa alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"'Nifungeni mlangoni mwenu kama mnavyofunga ng'ombe,'" alisema. "'Mnipe majani asubuhi na jioni. Na maziwa yangu ni yenu. Lakini mke wangu mrudisheni kwao, yeye anakula kuliko mimi.'"

Hatim alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Wisam aliweza kusikia chura mmoja kwenye mfereji akilia, akanyamaza, akaanza tena. Kisha mabega ya Hatim yakatikisika. Akaweka paji la uso kwenye usukani, akacheka mpaka honi ikalia yenyewe.

"Maziwa!" alisema akifuta macho. "Ewe mjinga! Na kwa hili ulikuwa unataka wakupe shahada?"

Alicheka njia nzima. Alipofika alishuka kabla ya kuzima gari, akawapa watu waliokaa kwenye ukumbi wa matete kisa chote, kwa mikono na sauti, na akakipokea kicheko chao kama mtu aliyeleta samaki.

Wisam amerudi shule yake ya zamani. Anafundisha vidato vya chini, kwa sababu vile vya juu amepewa mwenzake mwenye uzamili. Kosa la kughushi limeandikwa kwenye jalada lake wizarani na halitafutika. Daktari Ibtihal hapokei simu zake. Raad yuko hai, huko aliko. Mashine ya maji hufanya kazi kwa zamu, siku ya Lafta na siku ya Sayhud, na vijana wa pande mbili hukutana hapo kupokezana mafuta na matusi ya kawaida.

Kisa cha ng'ombe kimeenea. Hatim hukisimulia kwenye harusi, na sasa hata vijana wa Sayhud wanakijua. Wakimwona Wisam barabarani humuuliza amekamuliwa leo au bado. Naye hucheka. Kila kinapoanza kusimuliwa, husikiliza neno kwa neno mpaka msimulizi afike kwenye majani, kwa kuwa kabla ya hapo maneno yote ni ya kweli.

Haji Jasib hukisikia akiwa amekaa mahali pake pa juu, mgongo wima. Hutabasamu inapobidi. Jioni moja wageni walipokwisha kuondoka alimwita Wisam, akamwonyesha akae karibu.

"Mwisho ule," alisema. "Wa maziwa. Ni wako?"

"Ni wangu, ami."

Jasib aligeuza finjani yake tupu, akaitazama ndani.

"Ni mbaya sana," alisema.

"Najua."

"Usiubadilishe."